Nimempata Mwenziwe

…na hiyo -m- ndiyo iliyomkwama Hashim rohoni, si kitu kingine, angesema nimelipata au nimekipata angeingia zake na sinia akaweka chai mezani, lakini Zuleikha mkewe amesema nimempata, nimempata mwenziwe, Griffin, wallahi nimempata, kwa sauti ambayo nyumba hii ya Mtopanga haijaisikia tangu wahamie, na yeye ni mwalimu wa Kiswahili, miaka kumi na minne anafundisha watoto wa watu ngeli, anajua -m- haikai pale bure, -m- ni mtu, basi amesimama nyuma ya pazia la chumba anachosomea mkewe, sinia mikononi, vikombe viwili, mahamri manne, anasikiliza. Siku zote Zuleikha akiongea na huyo Griffin wa Nairobi, anayesoma naye, kwenye kompyuta huongea Kizungu, nacho Kizungu cha hesabu humpita Hashim juu ya kichwa, hakimdhuru, leo furaha imemrudisha mtu kwenye Kiswahili chake, na Kiswahili Hashim hukisikia mpaka mifupani… "Aki Zule, enyewe umeweza," yasema kompyuta, Zule! nani amempa ruhusa ya kumkata mke wa mtu jina, yeye mumewe humwita Zuleikha, lote zima, hapunguzi herufi… "Miaka mitatu namtafuta, Griffin, nalala nikimfikiria, naamka nikimfikiria, nilikuwa nishakata tamaa," miaka mitatu, na ndoa ina minne, kwa hiyo wa Hashim ni mmoja tu, ule wa kwanza, wa fungate, alipomwambia kuna umbo mashuhuri ambalo juu yake imekaa mistari iliyonyooka elfu mbili mia nane sabini na tano, haizidi haipungui, akacheka peke yake kwa raha, naye Hashim akaikariri hesabu ile, hakuielewa, akaikariri tu, ndiyo mahari ya pili aliyoweza, kisha akaenda kujigamba barazani kwamba mke wangu anasomea vioo, wakamwambia basi aje atutilie vioo vya madirisha, akacheka nao, mjinga yeye, alicheka nao… "Hashim we! Chai yapoa!" huyo mama, uani, Bi Mwanakheri hajui kunong'ona, na Hashim haitiki, mara ya kwanza maishani mamake anamwita asiitike, Mungu amsamehe, maana ndani Griffin anauliza, "Na wanafanana?" na Zuleikha anacheka, "Hata kidogo! Ukiwaweka pamoja huwezi kudhani wana lolote la kuhusiana, na huo ndio uzuri wake," hawafanani, ndiyo, wafananeje, Hashim ana kitambi na deni la usingizi na chaki kwenye mikunjo ya vidole, huyo mwingine bila shaka ni mwembamba, ana miwani… "kila swali lililo gumu kwa huyu, kwa mwenziwe jibu lake ni jepesi," ah, kumbe yeye ndiye mgumu, sawa, miaka minne anamtolea miiba ya samaki ndiye mgumu, ataingia sasa hivi, atamwaga chai hii juu ya kompyuta, ataisema ile talaka… astaghfirullah, hapana, ataingia aulize tu jina, jina tu… "Huyu wetu tatu na hamsini na moja, yeye hamsini na moja na tatu, nimehesabu mara sita," na Hashim anazirudia namba zile midomo ikicheza, hakuna mwanamume wa hamsini na moja na tatu, hata Nairobi hayuko, ni umbo, Subhanallah, ni maumbo, lile alilonalo na mwenziwe wa kioo, namba zilezile zimegeuzwa kama kiooni, na mwenzi hata akiwa wa karatasi kisarufi hupatikana kwa -m-, mkewe hajakosea hata silabi, ndiye yeye mwalimu aliyekosea, sasa apumue, aingie, acheke… mbona raha haiji, anaingoja na haiji… "Mimi ningelia, wallahi," asema Griffin, mtu wa bara anaapa kipwani, na Zuleikha anasema polepole, "Nimelia. Asubuhi, jikoni," na asubuhi Hashim alimuuliza macho yana nini akaambiwa kitunguu, akachukua kisu akamkatia vilivyobaki, na sasa mle ndani wote wawili wamenyamaza, Zuleikha anayatazama makaratasi, Hashim anamwona kwa upenyo wa pazia, amenyamaza kimya cha mtu aliyetosheka, Hashim hajapata kunyamaziwa hivyo, hata mwaka ule wa kwanza, hata siku moja, na huyo aliyenyamaziwa hana uso, hana simu ya kupekuliwa, hana nyumba ya kwenda kugongwa mlango, mwanamume ungemfuata ukamshika shati, huyu ashikwe wapi, chai imefanya utando, sinia limemlemea mikono, na Hashim, Mungu amsitiri, anajikuta anaomba, kwa moyo wake wote, afadhali angekuwa Griffin.