Mito ya Magoti

Kila Jumamosi Alungat hufunga madirisha ya jiko lake pale Mukuju, kwa sababu upepo ukiingia sufi yote hupotea. Humwaga gunia mkekani, huichapa sufi kwa fimbo mpaka mbegu zidondoke, kisha hushindilia mito ya kupigia magoti kanisani. Wanawake wengine wanaochapa sufi hufunga kitambaa mdomoni na kunyamaza. Alungat hafungi. Tangu afiwe na mume, huchapa akiomba kwa sauti, maana maombi humjia vizuri mikono ikiwa kazini.

Sufi ikayashika. Jumapili moja waumini walipopiga magoti, mito ikaomba kwa sauti ya Alungat: "Baba, shamba la mume wangu. Opolot aling'oa miti ya mpaka tukiwa bado matangani. Alirudishe."

Hakuna aliyegeuka. Katekista alisubiri mito imalize, akaendelea na somo. Opolot, shemeji yake Alungat na mwenyekiti wa baraza la kanisa, alikuwa safu ya mbele. Mto wake ndio ulioshindiliwa zaidi, kwa hiyo ulichelewa kumaliza.

Baada ya ibada Opolot alimfuata Alungat nje.

"Shemeji, mito yako inasema sana."

"Inaomba, shemeji. Siku ikisema utajua."

"Basi funga kitambaa kama wenzako. Ama tununue ya sponji huko Busia."

"Nunueni. Mdomo wangu sifungi."

Wakanunua. Sponji ilikaa kimya, ila ilibonyea mpaka sakafuni, na wazee wakalalamikia magoti.

"Hii tunapigia magoti simiti iliyovaa nguo," alisema Anjeline, mfagiaji wa kanisa, akaitupa nje bila kuuliza baraza.

Sufi ikarudi. Safari hii Alungat alikuwa ameishindilia maradufu, na maombi yakataja kila mti uliong'olewa na mahali ulipokuwa umesimama. Waumini waliyazoea, wakawa wanafika na maji ya kunywa.

Opolot naye alizoea. Siku hizi husubiri mto ufike kwenye jina lake, huitika "Amina" kuwashinda wote, kisha mchana huenda kupalilia mihogo yake katika shamba lile lile. Alungat hupita kando na gunia jipya kichwani.

"Bado unalima, shemeji?"

"Bado. Na wewe, bado unaomba?"

"Hata katikati sijafika."