Mafuta ya Jumapili

Haya, wewe unayesoma, sogea nikutegee. Ninaye mmoja nyumbani: hunywa kila siku asishibe, hubeba watu asinung'unike, lakini ukimlisha unachokula wewe, anakufa. Ni nani?

Ukishindwa nipe mji, ila usinipe huu wa Johannesburg, huu nimeshachoka nao. Ni gari. Gari jeupe la mwanangu Salvator, alilolinunua kwenye yadi ya magari yaliyokwisha kutumika, ili abebe abiria wanaoita kwa simu. Alilinunua pamoja na waranti ya nyongeza ya miaka miwili, maana yake injini ikifa, kampuni inatengeneza. Hiyo karatasi aliitia kwenye mfuko wa plastiki na kuiweka pamoja na karatasi zetu za ukimbizi.

Siku gari lilipofika kwetu mtaa wa Berea, mchungaji wetu alilipaka mafuta ya zeituni yaliyoombewa. Akapaka boneti, milango, magurudumu yote manne. Tukaimba mpaka majirani wakachungulia madirishani. Chupa ilibaki nusu, nikaichukua mimi. Nikawaza: amepaka nje peke yake, na ugonjwa huanzia ndani. Nilikuwa nimemwona fundi wa gari letu, Khatibu, akifungua kile kifuniko chenye picha ya birika na kumimina mafuta. Basi Jumapili iliyofuata, Salvator akiwa bado anasalimiana na watu kanisani, na mimi ameniachia funguo nikapumzishe miguu ndani ya gari, nilivuta kile chuma cha chini ya usukani, boneti ikaruka, nikamimina. Kidogo tu. Nikasali. Chupa ilipoisha nikanunua nyingine, ikaombewa nayo. Miezi saba, kila Jumapili. Sikumwambia mtu. Nilitaka iwe siri yangu na Mungu.

Mwezi wa saba, katika baridi ile inayopasua midomo, gari lilizima kwenye robot, ndivyo waitavyo hapa taa za barabarani, rangi ikiwa kijani, likakataa kuwaka.

"Usiogope, Mama," Salvator akasema. "Tuna waranti."

Barua ilichukua wiki tatu. Mke wake, Belyse, aliisoma jikoni kwa sauti. Kampuni imekataa. Mafuta ya injini yamepimwa, yamekutwa na mafuta ya mimea ndani yake, yameganda kama uji, yameziba njia, injini imekauka na kujisaga. Waranti hailipi uharibifu wa kitu kilichotiwa na mtu.

Nilikuwa nasonga ugali. Mwiko ulisimama wenyewe.

Salvator hakukubali. Alipiga simu, wakamwekea muziki. Alipiga tena, akaambiwa atapewa meneja, meneja hakuja. Mwisho wakamtumia fomu ya kupinga uamuzi, yenye maswali tisa. Alikaa nayo mezani, akafika la saba.

"Nani mwingine hufungua boneti ya gari hili?" Akainua macho. Hakuwa ananishuku, alikuwa anawaza tu. "Mama, kuna mtu mwingine hufungua boneti?"

"Chumvi imeisha," nikasema.

Akaandika: fundi Khatibu peke yake. Kampuni ikajibu siku hiyo hiyo, na kabla ya hapo haikuwahi kujibu upesi hivyo: basi mdai fundi wako.

Toka hapo nyumba ilibadilika. Salvator aliacha kula. Alikuwa akishuka uani asubuhi, anaingia kwenye lile gari lililokufa, anafunga vioo, anashika usukani. Anakaa humo muda wa saa mbili, hata tatu. Mjukuu wangu Arlène aliniuliza kwa Kiingereza chake, akiniita bibi kwa Kizulu, "Gogo, baba anaenda wapi?"

Halafu akaja Exaucé. Ni Mkongo, mlinzi wa duka, rafiki wa Salvator, mtu wa vicheko. Alikaa kwenye kiti changu.

"Kaka, yule Mtanzania amekumaliza. Anatia mafuta ya kukaangia chipsi, yale mazuri anauza. Wako wengi wanasema."

"Khatibu?" Belyse akashangaa. "Si ndiye aliyetubebea jeneza la baba yangu?"

"Ndio hao hao, shemeji. Wanakubebea ili wakupime uzito."

"Nitamshtaki," Salvator akasema.

"Kwa karatasi zipi? Ukiingia polisi wanauliza karatasi zako kabla ya shida yako. Sikia. Jumamosi tunakwenda. Hatumgusi. Tunasimama barabarani, tunapaza sauti: mgeni ametuibia. Watu wa pale watamalizia."

"Na sisi ni kina nani?" nikauliza.

"Sisi, Mama, tutakuwa tumeshaondoka." Akacheka, akamega ugali.

Nilimtazama Salvator akatae. Alitazama sahani.

Wiki hiyo nilijaribu kusema. Nilimfuata Belyse akianika nguo, nikaanza kwa mbali, nikamuuliza kama amewahi kusikia mtu mzima akiharibu kitu cha mwanawe bila kukusudia.

"Kama yule bibi wa Diepsloot?" akasema, kibanio cha nguo mdomoni. "Walimkuta akinyunyiza maji kwenye duka la mwanawe. Ati anabariki."

"Wakamfanyaje?"

"Walimtoa."

"Walimtoa wapi?"

"Mama," akasema, akalibana shati kwenye kamba, "walimtoa."

Nikarudi ndani. Bibi anayemimina vitu kwa siri ana jina lake kwetu, na hilo jina likishakushika halikuachii. Nikajidanganya kwamba Jumamosi watachelewa, watasahau, mvua itanyesha. Mvua mwezi wa nane, Johannesburg! Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Jumamosi saa nne waliondoka, Salvator, Exaucé na wanaume wengine watatu nisiowajua. Niliambiwa nibaki na mtoto. Nilimpeleka Arlène kwa jirani, nikajifunga kitenge, nikateremka kwa miguu hadi Doornfontein, kwenye gereji ya Khatibu. Mguu wa kushoto ulinisumbua njia nzima, sikusimama.

Nilisikia sauti ya Exaucé kabla sijaiona gereji. Alikuwa anapiga kelele kwa Kizulu, ili kila mtu aelewe. Watu walishaanza kutoka madukani na kwenye ngazi za maghorofa. Hawakuwa na hasira bado. Hilo ndilo lililonitisha: walikuja wametulia, mmoja mmoja, wanapangusa mikono.

Khatibu alisimama mbele ya mlango wake, mtu mwembamba, kibandiko cha plasta kidoleni, ameshika kitabu cha sevisi.

"Salvator, ndugu yangu, tazama mihuri. Kila kopo nilifungua mbele ya macho yako. Sivyo?"

"Sasa haya ya chipsi yaliingiaje?" Salvator akasema. Sauti haikuwa yake.

"Sijui! Wallahi sijui."

Aliniona kati ya watu. Na katika hali ile, mtoto wa watu yule bado alikumbuka adabu. "Shikamoo, Bi Mkubwa. Mwambie mwanao maneno."

Nikakaza fundo la kitenge changu.

Mwanaume mmoja mwenye kofia ya sufu alikwenda kwenye rundo la magurudumu ya gereji, akatoa tairi bovu, akaanza kuliviringisha taratibu kuja mbele. Alilisukuma kwa vidole viwili, kama mtu anayecheza. Katika mji huu, mtu akizungukwa kisha likaletwa tairi, hakuna anayeuliza ni la nini. Mwingine akaulizia petroli, kwa sauti ya kawaida, kama unavyoomba maji ya kunywa. Nilimtafuta Exaucé kwa macho. Alikuwa ameshafika kwenye kona.

Khatibu naye aliliona tairi. Akakifunga kitabu, akakibana kwapani.

"Nijibu neno moja, Salvator. Gari halilali kwangu. Nani mwingine hufungua boneti?"

"Hakuna."

"Fikiri, ndugu yangu."

"Nimesema hakuna!"

Tairi lilifika miguuni pa Khatibu, likayumba, likalala. Nikasukuma migongo ya watu. Mmoja alinikanyaga, mwingine akanipisha kwa sababu ya uzee wangu. Nikasimama kati ya fundi na mwanangu.

"Mama, rudi nyumbani."

"Uliniuliza kitu jikoni."

"Mama, siyo sasa!"

"Uliniuliza ukiwa na fomu mbele yako, nikakuambia chumvi imeisha. Chumvi ilikuwepo, Salvator."

Nilimwona anavyoanza kunitazama, kidogo kidogo, kama unavyomtazama mtu usiyemjua aliyekaa kitandani kwako.

"Ni mimi," nikasema. "Kila Jumapili. Ni mimi ninayefungua boneti."

Kisha nikageuka kwa mwenye kofia ya sufu, maana Kiswahili hakisikii, nikalirudia kwa Kizulu kidogo nilichokiokota sokoni, nikijigonga kifua ili asikosee mtu:

"Yimi."