Suruali Iliyosoma Hesabu

Chiriku alipewa jina hilo na bibi yake kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Basi asubuhi moja aliponyamaza ghafla, bibi, ambaye ni fundi cherehani, alisimamisha mguu, na cherehani nayo ikanyamaza.

Mtoto alikuwa amevunjika mguu, shule ikampita. Somo la hesabu, la nusu na robo, alilifuata kwenye simu ya zamani ya mama yake, pale mezani pa kukatia vitambaa. Mama mtu, nesi, alishaapa: "Siku simu hiyo ikileta balaa, naifungia kabatini."

"Chiriku, umemeza nini?"

"Sijameza kitu, Bibi."

"Na simu iko wapi?"

"Sijui."

Bibi akachukua pasi ya moto, akaliendea rundo la suruali za wateja. Mara suruali ya juu ikasema kwa sauti laini ya kike: "Sasa tugawe chungwa letu vipande vinne."

Bibi akaiweka pasi pembeni. "Nimeshona suruali hadi nimeota mvi. Ya kufundisha hesabu ndiyo naiona leo."

Chiriku akacheka, akaichomoa simu mfukoni mwa suruali ile, kicheko kikageuka kilio. Chini ya somo, akaeleza, mtu aliyejiita Kaka Hesabu alimwandikia kwamba angempa majibu yote, ila kwanza atume picha yake, aseme anapokaa, na wakubwa wasijue.

"Umemtumia?"

"Hapana. Lakini Mama akijua ataifungia simu, na nitarudi darasani sijui kitu."

Bibi akajifunga kibwebwe. "Lete nimjibu. Nina matusi nimeyatunza tangu ujana, hayajapata mwenyewe."

"Asijibiwe, Bibi. Mwalimu wa shule alisema tupige picha maneno yake, tumripoti, tumzuie, halafu tumwambie mtu mzima."

"Mtu mzima si ndiye mimi?"

"Basi nimeshakwambia."

Wakafanya hivyo. Bibi ndiye aliyebonyeza pa kumzuia, na simu ikagoma mpaka alipovua subana ya chuma ya kushonea kidoleni.

Jioni mama alisoma yale maneno, mkono ukaenda kwenye ufunguo wa kabati. "Nilisema nini mimi?"

"Ulisema," bibi akajibu, akitunga uzi kwenye sindano. "Mfungie simu leo kwa kuwa amesema. Kesho akija mwingine, utaambiwa na nani, kabati?"

Mama akamtazama binti yake. "Kwa nini uliificha?"

"Niliogopa ufunguo."

Nesi akautia ufunguo mfukoni. Akamvuta mtoto karibu, wakafunga pamoja ile sehemu ya chini ya somo ambako wageni huandika. Simu ikabaki mezani pa kukatia, sauti juu, kila aingiaye asikie.

Kesho yake mteja mwenye suruali ile alikuja kuifuata, akakuta mwalimu wa kwenye simu anauliza: nusu ukijumlisha na robo?

"Mbili," akasema mteja, kifua mbele.

"Robo tatu, Mjomba," Chiriku akamsahihisha.

"Msamehe," akasema bibi, akimkabidhi mzigo wake. "Iliyosoma ni suruali."