Siku Kumi za Barki

Familia ilipohama kutoka Jeddah kwenda Malaz, Riyadh, mwaka 2014, ilimleta pia Barki, mbwa wa kuwinda mwembamba, mwenye miguu mirefu, ambaye bosi, baba mwenye nyumba, alimpenda mno. Kufika Januari, Barki alikuwa akijikuna mchana kutwa. Manyoya yalimpukutika mgongoni, na kila alipojitikisa, ungaunga mweupe ulimwagika chini. Madam, mkewe bosi, akasema huo ni ugonjwa, utawaambukiza watoto. Shingo upande, bosi akakubali binamu yake aje Ijumaa amchukue mbwa, akaishi kambini kwa ngamia, jangwani.

Eucabeth, mfanyakazi wa nyumba hiyo, aliyasikia hayo akipanga vikombe vya kahawa. Hakuna aliyemuuliza kitu. Lakini kabla ya kuja Saudia alikuwa ameuza dawa za mifugo mjini Oyugis, Kenya, miaka minne, tena akiandamana na daktari kila alipoitwa kutibu. Alienda uani, akapiga magoti, akayafunua manyoya ya Barki kwa vidole, kuanzia masikioni hadi mkiani. Hakuona kupe wala chawa. Hakuona vidonda, wala yale mabaka ya mviringo ya choa. Ngozi ilikuwa kavu tu.

Akamuuliza Justus, dereva Mkenya aliyemwogesha mbwa, anamwogesha vipi. Justus akasema kila baada ya siku mbili, kwa maji moto na shampuu yake mwenyewe ya nywele, ili mba umtoke. Kisha humlaza ubavuni mwa hita asipate baridi.

"Kaka, unamkausha," Eucabeth alimwambia.

Alipopeleka kahawa, hakuondoka. Kiarabu chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini sauti hakuishusha.

"Baba, huyu si mgonjwa. Amezoea hewa ya bahari. Hapa hewa ni kavu, na sisi tumemwongezea ukavu. Nipe siku kumi. Asipopata nafuu, apelekwe kwa daktari, si jangwani."

Madam alimkodolea macho. Bosi akauliza kama amewahi kufanya kazi hiyo. Akajibu amewahi, mara nyingi. Bosi akampigia binamu yake simu, akamwambia asubiri.

Wiki ya kwanza hapakuwa na kuoga. Eucabeth alisogeza hita mbali, akamchana Barki kila asubuhi, akamtilia kijiko cha mafuta ya samaki kwenye chakula, na bakuli la maji halikukauka. Siku ya sita mbwa bado alijikuna, na madam akauliza kama binamu aitwe. Eucabeth akasema zimebaki siku nne.

Siku ya nane alisaga shayiri ya uji, akaikoroga katika maji ya uvuguvugu, akammwagia Barki taratibu huku Justus akimshika kichwa na kunung'unika kwamba hicho ni chakula cha watu. Wakamsuuza vizuri, wakamkausha kwa taulo.

Siku ya kumi Barki alilala adhuhuri nzima bila kujikuna. Madam, ambaye hakuwahi kumgusa, alienda uani, akampitishia kiganja mgongoni, akakitazama. Kilikuwa safi.

"Halas, basi," alisema. "Anabaki."

Jioni alimfuata Eucabeth jikoni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama shayiri hiyo ingemfaa binti yake mdogo, aliyekuwa akijikuna viwiko tangu Desemba. Eucabeth akamwambia ingemfaa, mradi maji yasiwe moto.