Nyuzi za Darasa la Mwisho

Ikifika saa sita mchana, darasa la mwisho kule konani lilikuwa linalala lote. Siyo uvivu. Mabati yanachemka, joto linashuka kama blanketi, na watoto arobaini na wawili wa miaka kumi na tatu wanaanza kuinamisha shingo mmoja mmoja. Hata mwalimu wao wa sayansi, amesimama na chaki mkononi, kuna siku alijikuta anaota: ubao umekuwa bwawa, maandishi yanaogelea.

Siku hiyo akaweka chaki chini. Akawaambia hakuna kunakili tena. Swali ni moja: kwa nini chumba hiki kinatupika? Tafuteni wenyewe, mimi sitawajibu.

Mkuu wa shule akasikia. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda daftari lijae. Akamwita ofisini, akamwambia bila kuzunguka kwamba Ijumaa anakuja kuangalia, na akikuta mchezo, darasa hilo anampa mwenzake, yeye anarudi kwa wadogo kuhesabu vijiti. Mwalimu akarudi darasani. Watoto wale ndiyo kwanza walikuwa wameanza kuuliza.

Kulikuwa na msichana mmoja hatulii kitini, wenzake wakimwita Sisimizi. Yeye ndiye aliyesema hewa haionekani, kwa hiyo lazima tuivalishe kitu. Basi mwalimu akaenda kwa mama yake mwenyewe, fundi cherehani, kuomba nyuzi. Mama akamtazama juu ya miwani.

"Mwanangu, nilikusomesha ufundishe, siyo uje unifilisi nyuzi."

Lakini alikuwa anasema huku anamjazia mfuko. Nyeupe achukue zote, akamwambia, nyeusi asiguse, ni za kushonea suruali za watu.

Siku mbili watoto wakakata, wakafunga. Kamba kutoka ukuta hadi ukuta, za chini, za katikati na za juu, na kwenye kila kamba nyuzi zinaning'inia, urefu wa kiganja. Wakakaa kuangalia. Ilikuwa kama kuwa ndani ya mvua iliyogoma kudondoka. Hata wale wenye midomo walinong'ona. Wakawa wanaandika: huu unacheza, huu umesinzia, huu umekufa kabisa.

Alhamisi, watoto walipoondoka, mwalimu akabaki peke yake. Akazifuata nyuzi kwa macho. Za dirishani zinainama kuingia ndani, zikifika katikati zinachoka. Za juu hazitikisiki. Akainua macho hadi ukuta wa pili, juu kabisa. Pale fundi ujenzi alikuwa ameacha safu nzima ya matofali yenye matundu. Na safu nzima aliifunika yeye mwalimu, kwa mikono yake, mwaka wake wa kwanza, kwa michoro mikubwa ya sayansi: ua, jino, moyo, figo. Gundi juu ya gundi. Mkuu akampa cheti cha darasa lililopambwa kuliko yote.

Angeweza kuibandua pale pale, nani angejua? Akapanda dawati, akashika kona ya moyo. Halafu akawafikiria watoto wanakuja kesho, wanakuta jibu limeshaliwa. Akashuka.

Ijumaa Mkuu akakaa nyuma, jasho linamlowesha kola, nyuzi zinamgusa upara. Watoto wakaeleza walichoandika. Kisha Sisimizi akasimama, akamtazama mwalimu kama mtu anayeomba radhi mapema.

"Mwalimu, hewa inaingia vizuri tu. Haina pa kutokea. Tunaona ni michoro yako ndiyo imeziba."

Mmoja akacheka kwa pua, akajifanya anakohoa. Aibu ikampanda mwalimu hadi masikioni.

"Mna uhakika?"

"Hatuna. Ndiyo maana tunaomba tutoe mmoja tuone."

Akawaambia watoe. Wakaanza na jino. Gundi ikagoma, wakakwangua kwa rula, vumbi la miaka likawadondokea vichwani, mwanga ukapenya kwenye vitundu. Nyuzi za juu zikasita. Moja ikainama. Jirani yake naye. Halafu safu nzima ikageuka upande mmoja, taratibu, kama samaki wadogo kwenye maji mafupi.

Mkuu akainuka. Mwalimu akajiandaa. Mzee wa watu akavua koti, akaenda hadi chini ya ukuta, akatazama juu muda mrefu.

"Na mimi nikakupa cheti kwa hili," akasema, kama anajisemea.

"Ulinipa, Mkuu."

Akawageukia watoto, akauliza joto limepungua kiasi gani. Wakatazamana. Sisimizi akajibu kwamba hawajui, maana kipimajoto kimefungiwa kwenye kabati la ofisini na ufunguo anao yeye Mkuu. Mkuu akapapasa mfuko wa suruali, akautoa, akamwekea mwalimu kiganjani.

"Jumatatu nataka namba," akasema. "Na hiyo michoro mingine iacheni kwanza. Mkiitoa yote leo, mtalinganisha na nini?"