Bati Lililokataa Kutu

Jumanne, tarehe nne Machi. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu, na upepo wa baharini ulikuwa ukitikisa vioo vya maabara.

Mama Chumvi alisali kimoyomoyo, kama kawaida yake, ndipo akafungua kabati la ukungu wa chumvi, ambamo vyuma hupuliziwa maji ya chumvi kuona kama vitashika kutu. Kazi yake ilikuwa kuvitesa vifaa vya mitambo ya umeme wa mawimbi kabla bahari haijavitesa. Safari hii ndani mlikuwa na sanduku la nyaya, kazi ya mhandisi kijana waliyemwita Haivunjiki. Likifaulu, lingefungwa chini ya bahari. Likiozea huko, wa kuzama kulinasua ni shemeji yake Mama Chumvi, mpiga mbizi, ambaye alikuwa ameshajisimamisha mlangoni na kikombe cha chai.

Sanduku lilitoka linang'aa kama sahani ya mgeni.

"Si nilisema?" Haivunjiki alitanua kifua. "Chumvi yako haina meno, mama."

"Haina kweli, mwanangu." Alitoa kipande cha bati kilichokuwa kando ya sanduku. "Ona, hata hiki hakina doa."

"Ndiyo ubora huo."

"Ubora wa nani? Hiki si chako. Ni chuma kitupu, nakiweka humu makusudi kishike kutu. Kisiposhika, ama kabati limekufa, ama kuna mtu kapita na kitambaa cha mafuta."

Alikinusa, akampa shemeji yake naye anuse.

"Mafuta ya cherehani," alisema mpiga mbizi. "Kaka, umempaka mpaka shahidi?"

Mafundi waliacha kazi zao wakasogea. Haivunjiki alitazama viatu vyake. "Nilidhani nacho ni cha sanduku."

"Na kule chini atalipaka nani? Pweza?"

"Shemeji, mwache," alisema Mama Chumvi, huku akijiuma mdomo asicheke. Aliliosha sanduku kwa sabuni, akalirudisha kabatini na bati jipya, akafunga. Ufunguo akamkabidhi mpiga mbizi. "Kaa nao wewe. Roho ni yako."

Mpiga mbizi aliutia mfukoni. "Sasa sema, kaka, hawa wote wasikie."

Haivunjiki aliwageukia mafundi. "Sitaligusa tena mpaka jaribio liishe. Likishika kutu, nitaliunda upya. Na nikidanganya, nitazama kulitengeneza mwenyewe, nami kuogelea sijui."