Nyambizi Isiyo Khaliji

Nilimwonea Hadeel wivu tangu siku ya kwanza, na sioni haya kulisema. Alikuja ofisini kwetu Qurum, hapa Maskati, Januari ya mwaka 1998, ana miaka ishirini na minane na digrii ya pili ya Uingereza katika mambo ya sauti chini ya maji, na kabla wiki haijesha akapewa meza ya dirishani. Meza ile nimeiomba miaka sita. Kila nikiuliza naambiwa subiri kidogo, Nasriya, na mimi nasubiri, nautazama ukuta.

Kazi yetu ilikuwa hesabu. Wakubwa walitaka kujua kama jeshi la majini linunue nyambizi za dizeli, zile zinazokwenda kwa betri zikizama, kisha hupanda karibu na juu, zikachomoza bomba la hewa na kuchaji betri zao. Na kama ni kununua, zipi. Kampuni mbili zilikuwa zimeleta michoro. Majina yao tulikatazwa kuyataja hata kwenye simu, kwa hivyo moja tukaiita Alif na nyingine Ba. Alif ilikuwa kubwa, ya mtindo wa zamani, yenye kelele. Ba ilikuwa ndogo, mpya, na kimya kabisa. Sisi watu wa ufundi tuandike ripoti, kamati ichague.

Kwao Hadeel ni Bujumbura. Ni Waomani waliorudi kutoka Afrika kama sisi, lakini wa bara, na sisi wa Unguja tuna kiburi chetu. Mimi ninacho cha kutosha nyumba nzima. Kiswahili chake kiliniwasha masikio. Lililonikera kupita yote ni kwamba aliniita mama. "Shikamoo mama," mbele za wanaume. Nilikuwa na miaka arubaini na mitatu, na kwetu mwanamke kama mimi ni Bi Nasriya. Na Khole, anayetupikia chai, Hadeel akimwita mama pia. Yaani mimi, mhandisi wa miaka kumi na sita kazini, na Khole wa birika, sote tulikuwa fungu moja.

Siku moja nikamwambia, "Hadeel, mimi si mamako."

"Nisamehe, mama," akajibu, na wala hakuwa akifanya kejeli.

Mkuu wa kitengo chetu alikuwa anastaafu Septemba. Cheo kile nilikwisha kukivaa kichwani mwangu, nikakipima mbele na nyuma, kikanikaa. Lakini Yaqoob, afisa wa jeshi mwenye cheo cha Amid, aliyekuwa juu yetu sote, akasema atamtaja mkuu mpya siku ripoti ya nyambizi itakaposomwa mbele ya kamati. Kisha akampa Hadeel kuiandika, na mimi akanipa kuipitia na kutia saini chini yake. Siku hiyo nilirudi nyumbani Hail nikakaa mezani bila kugusa chakula.

"Una nini?" akauliza Saeed, mume wangu.

"Sina kitu."

"Haya. Leo Hadeel kakufanya nini?"

Saeed alikuwa na ubaya wa kunijua.

Sasa nisikilize habari ya gari, maana ndilo lililoniponza. Saeed alikuwa amenunua gari kwa mtu aliyelileta kutoka nchi za baridi, rangi nzuri, viti vya ngozi, na alilisifu mpaka mtaa mzima ukasikia. Alhamisi ya tarehe kumi na tatu Agosti likachemka katikati ya barabara ya Qurum. Tukalivuta mpaka gereji moja Wadi Kabir. Fundi, Mhindi wa Malabari, mtu wa makamo, akafungua boneti, akatazama mara moja, akacheka.

"Madam, hii si khaliji."

Maskati hakuna asiyelijua neno hilo. Gari la khaliji, yaani la Ghuba yetu, limetengenezwa kwa ajili ya joto letu, rejeta kubwa na feni ya nguvu. Lisilo khaliji ni zuri huko lilikotoka. Njia nzima ya kurudi Saeed hakulisifu tena gari lake, nami nilifurahi.

Jumamosi nikaikuta ripoti ya Hadeel juu ya meza yangu. Nilianza kuisoma nikiomba iwe mbaya, na haikuwa mbaya. Sura ya kelele ilikuwa safi hata nikairudia mara mbili kutafuta kosa. Ba ilishinda kila mahali. Nikafika sura ya nne, mitambo ya kupoza, na hapo nikaona jedwali limechukuliwa zima zima kutoka kitabu cha kampuni. Chini yake, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma, palikuwa na maneno haya: kwa maji ya bahari ya digrii kumi na nane.

Kumi na nane. Agosti, bahari yetu ni thelathini na mbili. Ukiingia pwani ya Qurum adhuhuri unatoka umechoka.

Nikachukua karatasi, nikapiga hesabu upya. Kwenye maji yetu, mitambo ya Ba ingefanya nusu ya kazi yake au zaidi kidogo. Betri zikichajiwa kwa kasi zingepata moto wa hatari, kwa hivyo zichajiwe polepole, na bomba likae juu ya maji saa nyingi, kila meli ilione. Ule ukimya wake wote ungekuwa kazi bure. Na ndani, watu thelathini na tano wangekaa kwenye joto la kuangusha mtu. Alif, na kelele zake, ilikuwa na mitambo ya kupoza mara mbili ya hiyo. Nikaandika jina langu na tarehe pembeni, kama tunavyofanya na kila hesabu, mazoea ya miaka kumi na sita. Halafu nikaikunja karatasi, nikaitia mkobani.

Nia yangu naisema ilivyokuwa. Kwenye kamati alikuwamo Majid, mhandisi mkongwe wa meli, ambaye nilijua kosa lile halitampita. Majid atauliza, Hadeel atababaika, na mimi nitatoa karatasi yangu kwa upole, niseme kosa nimeliona baada ya kutia saini. Cheo kitajileta chenyewe.

Alasiri Hadeel akaja mezani kwangu.

"Mama, umeona kosa lolote? Hiyo sura ya nne ndiyo inanipa wasiwasi. Kupoza sikusomea."

"Iko sawa," nikamwambia, na nikatia saini mbele yake. Alinishukuru mara tatu. Ile ya tatu ilinikera.

Mkutano ulikuwa Jumatatu ya tarehe ishirini na nne. Hadeel alisimama na kusema kwa Kiarabu kizuri, bila karatasi. Nilimtazama Majid. Sura ya kwanza akatikisa kichwa kukubali, na ya pili, na ya tatu. Ya nne alikuwa anakoroga kahawa yake. Sura ikapita. Nikahisi jasho mgongoni ndani ya chumba kilichopozwa vizuri.

Mwisho Hadeel akasema, "Sura ya nne si uwezo wangu. Aliyeithibitisha ni Mama Nasriya, nami nimeliweka jina lake juu ya sura hiyo, kwa sababu sifa yake ni yake."

Amid Yaqoob akaridhika. Akatugeukia sisi wawili, na yeye akizungumza na sisi hutumia Kiswahili.

"Basi nnalo jambo, na sina haja ya kulificha. Mimi nilikuwa namtaka Hadeel awe mkuu wa kitengo. Juzi Jumamosi kaja kwangu, kaniambia, Amid, siwezi kukaa juu ya Mama Nasriya, kitengo chake yule. Wallahi sikumkubalia. Leo nakubali. Nasriya, kitengo chako. Mabruk."

Watu wakanipongeza. Hadeel alikuwa ananichekea kama mtoto aliyeficha zawadi, ikafunguliwa. Na mimi, Mungu ananiona, jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa wivu. Nilimwonea wivu kwa kuwa ana moyo wa kufanya vile, na mimi sina.

Yaqoob akafungua kalamu kuandika jina la Ba. Nilikuwa na cheo changu. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Nikaona watu thelathini na tano wamefungiwa ndani ya gari la Saeed, na hakuna pa kulivuta.

"Amid," nikasema, "Ba si khaliji."

Wawili watatu wakacheka. Kisha Majid akaweka kikombe chini, akafunua kurasa mbio kurudi sura ya nne, na kicheko kikaisha. Nikaeleza: kumi na nane, thelathini na mbili, betri, bomba, joto. Nilieleza vizuri. Hakuna aliyenikatiza.

"Umeligundua sasa hivi?" akauliza Yaqoob.

Njia ilikuwa wazi. Ningesema ndiyo, na ningebaki mkuu wa kitengo, na hodari zaidi kuliko dakika tano zilizopita.

"Hebu nione hesabu yako," akaongeza, kwa kuwa alikwisha kuona mkono wangu umo mkobani.

Hapo ndipo nilipoikumbuka tarehe. Ningeweza kusema hesabu iko kichwani. Nikampa karatasi. Akaisoma juu hadi chini, kisha pembeni, akabakia pale pembeni.

"Kumi na tano Agosti," akasema. "Na saini yako kwenye ripoti ni ya lini?"

"Kumi na tano Agosti."

Hakupandisha sauti. Aliisukuma karatasi kwa Hadeel, naye akaisoma polepole. Nilingoja anitazame kwa hasira, nijue pa kuanzia kumjibu. Hakunitazama.

Kamati haikuchagua siku ile. Mwaka uliofuata mradi wenyewe ukafungiwa kabatini, na hatukununua Alif wala Ba. Hao watu thelathini na tano sikumwokoa hata mmoja. Hadeel ndiye mkuu wa kitengo sasa, na hajapata kunifanyia ubaya. Alipohamia chumba cha mkuu aliagiza meza ya dirishani nipewe mimi. Kila hesabu ya kupoza huileta kwangu mwenyewe, huiweka taratibu, na husema, "Bi Nasriya, tafadhali ipitie."

Bi Nasriya. Kama nilivyotaka.

Asubuhi nikiwa dirishani namsikia anapita ukumbini. Khole anatoka jikoni na birika lake, na Hadeel anamwambia, "Shikamoo mama, umeamkaje?" Nami nashika kalamu, siandiki kitu, namwonea wivu Khole.